Ngozi ya Becky na Neno Nililolisema

Riruta, Nairobi
9 Machi 2025

AMEPONA! Dada, Becky amepona! Uso mzima ni laini, hakuna hata kipele kimoja, ukimpapasa shavu utadhani ni kitambaa cha satini. Vuta kiti ukae kwanza, ndiyo sasa nikusalimie.

Hujambo Mama Shem? Nambale mmeamkaje? Mvua imeanza? Na Shem anaendelea vipi na useremala wake, na wale watoto sita unaowashikia akina mama wa sokoni, bado wanakumaliza nguvu? Sisi tu wazima. Wesonga bado anafunga mabomba, mwezi huu yuko Muthangari kwenye jengo la ghorofa nane, na fundi mkuu mwenyewe amesema hakuna anayeunganisha bomba kama mume wangu. Mimi niko kwa madam Njambi kule Kitisuru. Siku hizi sifui tu, napiga pasi hata suti za mzee, na funguo za stoo ninazo mimi. Hata hii kalamu ni yake, si unaona wino unavyoteleza? Ningekupigia lakini najua simu husikii tangu masikio yaharibike, na hiyo simu yako ya kabambe haichukui picha, kwa hivyo nimempa Sammy wa basi barua, atakufikishia.

Sasa tuje kwa Becky. Ule upele aliotoka nao kwako Desemba, nilipofika hapa nikasema huu lazima uondoke. Namwogesha mara tatu kwa siku. Maji ya moto, sabuni ya dawa, namsugua mpaka ang'ae, kisha namalizia na mafuta ya marashi. Akipita hapa kwa ploti hata aliye ndani ya nyumba anajua Becky amepita. Lakini viwiko na nyuma ya magoti alikuwa anajikuna tu. Basi Jacklyne jirani yangu akanipeleka mjini kwa mama mmoja ana kibanda cha mafuta, anachanganya mwenyewe, anakutilia kwa kikopo kidogo kisicho na maandishi. Dada! Siku nne tu uso ukakauka. Na rangi imetakata, amekuwa rangi ya thao, ile noti ya elfu, watu wananiuliza kama baba yake ni mzungu. Madam naye amempa masweta matatu ya sufu yaliyokuwa ya mjukuu wake. Amependeza mpaka naogopa macho ya watu.

Yale niliyosema Desemba pale uani kwako mbele ya wakwe wa Shem, kwamba humwogeshi mtoto, mimi siyaweki moyoni, na wewe usiyaweke. Mtu akimkuta mtoto wake anajikuna mpaka damu, mdomo hukimbia mbele. Ulimlea karibu miaka miwili, sijasahau.

Niandikie.

Mdogo wako,
Milcah, Mama Becky


Riruta
27 Aprili 2025

Dada Everlyn,

Habari za Pasaka? Sisi tulikula vizuri, Wesonga alileta kuku wawili, si mmoja. Mnaendeleaje huko? Sammy anaapa barua alikupa mkononi, eti ulikuwa unaanika omena. Sasa ni wiki saba. Au wino ulifutika?

Becky hajambo. Magotini kumerudi kidogo na shingoni, nafikiri ni joto. Uso bado uko sawa nikimpaka ile ya kikopo. Nikikosa siku mbili unakuwa mwekundu, lakini nikipaka unatulia, kwa hivyo napaka kila siku.

Hivi wewe ulikuwa unampaka nini? Nauliza tu. Si kwamba nahitaji.

Milcah


Nambale
18 Mei 2025

Mdogo wangu Milcah,

Nimepata barua zote mbili. Asante. Hapa tuko. Mahindi yamefika magotini, palizi ya kwanza nimemaliza peke yangu kwa sababu muda ninao. Shem amepata kazi ya milango huko kwenu Nairobi, ataondoka mwezi ujao. Kumetulia hapa.

Usimvalishe sufu. Pamba tu, hata kama ni kuukuu. Mwogeshe mara moja, maji ya vuguvugu, upesi, sabuni isiyonukia na kidogo. Usimsugue. Akitoka majini mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa umpake mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na harufu, kwa wingi. Rudia mchana na akienda kulala. Kucha ziwe fupi. Hicho kikopo sikijui na sikipendi.

Anakula? Anauliza chochote?

Dada yako,
Everlyn


Riruta
15 Juni 2025

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwenye baridi ya Nairobi. Barua yako nimeisoma. Wesonga ana kifua kidogo, mimi mzima, madam amenunua mashine mpya ya kufua na hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa mimi.

Lakini dada, na usinielewe vibaya, kumwogesha mtoto mara moja kwa siku? Hapa si Nambale. Hapa kuna vumbi la barabara, moshi, watoto wa ploti wenye kamasi. Na mafuta ya mgando ni ya watu wasio na uwezo wa kununua mengine. Mimi mtoto wangu nataka anukie. Mambo ya kuogesha naomba tuyaache hapo, kila mtu ana njia zake.

Becky yuko sawa. Uso umerudi kidogo.

Madam alikuwa ananiruhusu nije naye Jumamosi acheze na mjukuu. Sasa amesema tupumzike kwanza, eti kwa sababu ya baridi. Ni mama mwema.

Juzi hapa kwa bomba, mama mmoja alimvuta mtoto wake mkono: "Wewe! Usishikane na huyo."

Nikamwuliza, "Kwani wangu ana nini?"

"Mimi sijui, Mama Becky. Uliza sabuni."

"Sabuni? Huyu anaoga mara tatu kwa siku!"

Basi yeye na wenzake wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Nilimbeba mtoto nikaingia ndani.

Anauliza, ndiyo. Anauliza Mama Mkubwa atakuja lini. Namwambia uko na kazi.

Milcah


Riruta
3 Agosti 2025

Dada Everlyn,

Natumaini hujambo, na mahindi mmeanza kuvuna. Wesonga kifua kimepona. Leo sina hadithi za madam.

Kile kikopo kiliisha mwezi uliopita, na nilipoenda kununua kingine nikakuta kibanda kimefungwa, yule mama amehama na hakuna anayejua alikohamia. Siku ya tatu bila kupaka, uso wa Becky uliwaka. Siku ya tano mashavu yakaanza kutoa maji ya manjano na mwili una joto. Alikuwa halali, analia "kuna moto," anajipapura. Nilimfunga kwa leso mgongoni nikakimbia naye kwa zahanati ya kanisa hapa Riruta. Nesi anaitwa Kitavi alimtazama, akamshughulikia ile homa kwanza, akaniandikia niende kwa daktari wa ngozi mjini, Daktari Ndegwa, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi.

Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuyaficha.

Daktari alimwangalia viwiko, magoti, shingo. Akasema, "Mama, hii ni pumu ya ngozi."

Nikamwambia, "Daktari, huyu hajakohoa hata siku moja."

Akatabasamu. "Si ya kifua. Wengine wanaiita ukurutu. Haiambukizi, na hailetwi na uchafu. Unamwogesha vipi?"

Dada, nikaketi vizuri kitini. Hapo ndipo nilijua nina sifa. Nikamhesabia mara tatu, maji ya moto, sabuni ya dawa, kusugua, marashi. Akaweka kalamu chini.

"Mama," akaniambia, pole pole kabisa, "ngozi ya huyu mtoto haishiki unyevu. Wewe umekuwa ukiiosha mpaka imebaki bila kitu cha kujikinga."

Nikatoa kikopo kitupu kwenye mkoba. Alikinusa. Akasema vikopo kama hivi visivyo na jina mara nyingi huwa na dawa kali ambayo haifai kupakwa uso wa mtoto kila siku, inafanya ngozi iwe nyembamba, na ukiacha ghafla inalipuka. Ile rangi niliyokuwa naringia, dada, ni ngozi iliyokuwa inaisha.

Akanipa dawa ya kunywa kwa sababu ya ule usaha, na krimu yenye jina lake na tarehe, ya kupaka kidogo tu, pale palipo pekundu, kwa siku alizoniandikia na si zaidi. Halafu akaanza: aoge mara moja, maji ya vuguvugu, upesi, sabuni isiyonukia, mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka, kwa wingi, mara kwa mara. Pamba, si sufu. Kucha fupi. Kila kitu alichosema nilikuwa nimekisoma kwa barua yako ya Mei. Nilikuwa nayo humo humo ndani ya mkoba. Sikumwambia.

Akauliza, "Kuna mtu kwenu aliyewahi kuwa na ngozi kama hii?"

Nikamjibu, "Kwetu? Daktari, kwetu tuna ngozi ya kuuza."

Bado kuna moja. Jumatano nilimpelekea Wesonga chakula Muthangari, nikamkuta Shem anashusha milango. Nikamwuliza, "Mama yako na wale watoto wake sita, bado wanamsumbua?"

Akanitazama. "Watoto gani, mama mdogo?"

"Wale wa akina mama wa sokoni."

"Hakuna. Tangu Januari hakuna aliyemwachia mtoto. Walisema kama hata mtoto wa dada yake mwenyewe alimshinda kuogesha…" Hakumalizia, kijana wako ana heshima.

Mbona hukuniandikia, dada? Mimi naandika mambo ya mashine ya kufua, na wewe unasema kumetulia.

Nisamehe. Hapa nimeandika. Nisamehe.

Milcah


Nambale
14 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Salamu. Mavuno yalikuwa ya kutosha, magunia saba. Shem alinitumia koti la mvua, ni kubwa lakini nalivaa. Mama mchungaji anakusalimia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu niliandika barua hii mara tatu na mara mbili nikaitia jikoni.

Yule daktari akikuuliza tena kama kuna mtu kwenu, mwambie yupo. Mwambie ni wewe.

Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulizaliwa mzuri, ukafika miezi mitano mashavu yakaanza, kisha viwiko, kisha nyuma ya magoti, hapo hapo alipo nayo Becky. Mama alihangaika na majani, na chumvi, na kila kitu cha majirani. Akachoka, akaniachia mimi, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa nakupeleka zahanati kila mwezi kwa miguu, na yale ya kuogesha nilifundishwa huko na nesi mmoja mnene aliyekuwa ananipa chai. Shuleni walikuita Magamba. Ulikuwa unarudi unalia. Ulipofika miaka saba ngozi ikasafika, na mama akatukataza wote nyumbani tusikutajie kamwe, ukue bila aibu hiyo. Ukasahau kabisa. Nilifurahi uliposahau. Ulianza kujivunia ngozi yako na mimi nikawa nakuangalia tu nacheka moyoni.

Kwa hivyo uliponiletea Becky, na nilipomvua nguo siku ile ya kwanza, nilijua. Sikukuambia kwa sababu ya mama.

Siku ile uani, uliposema mbele ya wakwe kwamba simwogeshi, kwamba ninyi mnaokula hapa mnajua mnakula kwa nani, kwamba mtoto amekuwa mbuzi wa upele, ningeweza kusema, "Milcah, hii ni yako." Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nililimeza. Ulikuwa umevaa ile gauni yako ya kijani na watu wanakusifu, sikuweza.

Msamaha wako nimeuona. Umeandika vizuri. Lakini lile neno lilisemwa watu arobaini wakisikia, na hii barua naisoma mimi peke yangu jikoni. Zaidi ya hapo sisemi.

Kucha zake: mpe ndizi aishike kwa mkono wa kulia, umkate za kushoto. Kisha mbadilishie. Bila ndizi hakubali.

Everlyn


Riruta
9 Novemba 2025

Dada yangu Everlyn,

Salamu nyingi sana, kutoka kwa Wesonga, kutoka kwa Shem aliyekula hapa jana na kumaliza sufuria, na kutoka kwa Becky ambaye amechora hiyo mistari hapo juu na anasema ni wewe.

Barua yako nilikaa nayo Oktoba nzima. Nimejaribu kukumbuka. Njia ya zahanati siikumbuki. Lakini Magamba, dada, nilipolisoma hilo jina mgongo wote uliniwasha. Nililikumbuka kwa ngozi kabla ya kulikumbuka kwa kichwa. Nilienda kwenye kioo cha madam, kile kirefu, nikakunja mikono nikaangalia viwiko vyangu, mwanamke mzima wa miaka thelathini na nne. Madam akapita akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Natafuta mtu niliyemtukana."

Becky anaendelea. Sisemi amepona. Daktari ameniambia hii ni kitu cha kuja na kuondoka, huenda akikua itamwachia, huenda isimwachie yote. Wiki iliyopita kulikuwa na baridi ikarudi nyuma ya magoti, nikapaka ile krimu siku alizosema daktari nikaacha, ikatulia. Mafuta ya mgando tunanunua kopo kubwa. Marashi nilimpa Jacklyne. Masweta niliyarudisha Kitisuru nikamweleza madam sababu, na kumbe mjukuu wake naye anajikuna, walikuwa wanaficha. Nimemwonyesha jinsi ya kufanya. Sikujifanya nimejua mwenyewe. Nilimwambia nimefundishwa na dada yangu wa Nambale.

Ndizi inafanya kazi.

Sasa kuna kitu ambacho hata kwenye barua ya Agosti sikukiandika, niliposema nimechoka kuficha. Siku ile uani sikukasirika kwa sababu ya upele. Nilishuka kwenye gari na begi la zawadi, nimevaa ile gauni, nimejiandaa miezi kumi, nikainama nikafungua mikono. Becky akakimbia, akajificha nyuma ya leso yako, akachungulia, akakuuliza wewe, "Mama, huyu anti ni nani?" Watu wakacheka. Na mama wa yule msichana wa Shem akasema, "Mtoto anamjua mama yake." Alikuwa anatania. Lakini alikuwa anamaanisha wewe.

Nilitafuta kitu cha kukuangusha nacho. Nikaona mikono ya mtoto. Hata nilipokuwa nafungua mdomo, nyuma yako kwenye kamba kulikuwa na vigauni vyake vitatu vinadondosha maji. Niliviona, dada. Nilijua nasema uongo na nikausema kwa sauti, ili mtoto awe wangu.

Na akawa wangu, nikampeleka kwa yule mama wa kikopo.

Umesema watu arobaini walisikia. Nimehesabu na Shem, ni arobaini na watatu. Wakwe wa Shem nimewapigia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba warudi uani kwako Desemba. Yule mama aliyetania alisema, "Nitakuja, na nitakuja na wengine." Mama mchungaji amekubali kutangaza kanisani. Wale akina mama sita wa sokoni Shem amewafuata nyumbani kwao. Mmoja alimwambia hana haja ya maneno, mtu wa kumshikia watoto anaye. Atajaribu tena. Mimi sijui kama watakurudishia watoto. Hilo siwezi kuahidi, na linanikosesha raha kuliko yote. Lakini nitasimama uani kwako, niseme niliwadanganya, niseme ngozi ile imetoka kwangu na aliyeilea ni wewe, mara mbili, kwangu na kwa mwanangu. Aliye na swali aniulize mimi. Kazi ya jikoni usishike, Wesonga amenunua mchele na mimi nitapika.

Becky nitamwacha kwako likizo yote, ukikubali. Akijificha tena nyuma ya leso yako, nitanyamaza.

Usiwakimbie wageni, nakujua. Ni Jumamosi, tarehe 20 Desemba, saa nne asubuhi, hapo hapo uani. Wote wameambiwa.

Milcah